Ua Lisilotoka kwa Singo

Malindi nzima, kuanzia Shela mpaka Barani, hakuna bi harusi wa maana aliyetoka nje bila kupita mikononi mwa Bi Hindu. Mwenyewe ndiye asemaye hivyo, na kwa kuwa husema kwa sauti kubwa, watu wamechoka kubisha wakakubali. Ni mwanamke mfupi mwenye mikono midogo, mzaliwa wa Faza aliyeletwa Malindi kuolewa akiwa kigoli. Mume alikufa mapema, akamwachia nyumba ya vyumba viwili na binti mmoja. Tangu hapo amejilisha kwa kupamba: anachora hina na piko, ile rangi nyeusi ya mapambo, anatunga asumini, anafukiza udi, na juu ya yote hayo anasinga.

Asiyejua kusinga na ajue. Singo ni unga wa liwa, karafuu, waridi kavu na vitu vingine ambavyo Bi Hindu hamtajii mtu hata akiwa taabani. Hukorogwa kwa marashi, bi harusi akavuliwa nguo akabaki na kanga, akapakwa mwili mzima na kusuguliwa taratibu mpaka taka za miaka zikadondoka na ngozi ikawa laini ya kunukia. Ni kazi ya siku kadhaa, na mbele ya anayesinga hakuna kinachofichika. Kovu la kuungua, baka la kuzaliwa, tumbo lililowahi kubeba, yote huyaona yeye kabla ya mume. Ndiyo maana wazee walitaka somo, yaani huyo anayemsinga na kumfunda bi harusi, awe kaburi. Aonalo alizike.

Kaburi la Bi Hindu, Mungu amsamehe, lilikuwa na dirisha. Miaka kadhaa nyuma alimsinga binti mmoja wa Mambrui akamkuta na nyota ndogo ya tatuu pajani. Hakumtangaza, hapana, Bi Hindu si mtu wa kutangaza. Alimnong'oneza mtu mmoja tu, tena kwa kumhurumia yule binti, na biriani haijapakuliwa, ile nyota ilikuwa inajulikana mpaka kwa wapishi. Ndoa haikumaliza mwaka. Mume alisema ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Bi Hindu alipoambiwa alijibu kwamba kilichoivunja ndoa ni nyota, si mdomo wake, akaendelea kuchambua mchele.

Tatuu ndilo jambo lililomchemsha kuliko yote, na Malindi si mji wa kuzikosa. Wageni wa Kitaliano wamezijaza miguuni na mabegani, na vijana wa ufukweni wamejichora majina ya wanawake wa Kizungu waliorudi makwao zamani, jina likabaki mkononi likingoja ndege. Bi Hindu akipishana nao hutema mate pembeni. Alhamisi, kwenye darsa ya wanawake, mwalimu akimaliza tu kusoma, yeye hudakia. Piko ni pambo, alikuwa akisema, linakaa siku zake linaondoka, na mtu anabaki kama alivyoumbwa. Tatuu ni ubishi na Muumba. Imekuja katika hadithi ya Mtume kwamba mchoraji na mchorwaji wamelaaniwa, na hapo huongeza la kwake: kwamba mtu wa namna hiyo akifa, hata maji ya kuoshwa hayamwingii. Mwalimu alikuwa akimtazama kwa jicho la kumuuliza hilo la mwisho amelitoa kitabu gani, lakini nani atamkatiza Bi Hindu?

Sidi alithubutu siku moja. Huyo ni mama wa Kigiriama kutoka Gede anayemletea waridi na asumini. Alisema bibi yake alikuwa na chale za urembo tumboni, safu kwa safu, na babu hakuona pambo la kuzidi lile mpaka akafa. Bi Hindu akamwambia bibi yake hakufundishwa, huyo Mungu hatamuuliza sana, wa kuulizwa ni hawa waliosomeshwa wakajua. Sidi akacheka, akabeba kapu lake akaenda zake. Hakuna aliyemshinda Bi Hindu kwa maneno, na labda hilo ndilo lililomharibu.

Binti yake aliitwa Tima. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaoshika mifupa mpaka mtoto anauma shuka asipige kelele. Alikua huku na huku, leo darasani, kesho wodini. Katika siku hizo za kukesha, mama amempakata mtoto na mkono mmoja hauna kazi, Bi Hindu alibuni ua. Lilikuwa na majani saba, na moja lao alilichora limeinama pembeni, kwa sababu siku ile Tima alikuwa amelaza kichwa upande huo. Alilipenda mno ua lile. Alilichora kwenye karatasi akaibandika ndani ya mlango wa kabati, akasema hili halitachorwa kwa mtu mpaka harusi ya Tima. Mabi harusi wa matajiri waliliona wakalitaka, wakabembeleza, wakanuna. Bi Hindu aliwapa maua mengine mia, lile hakuwapa.

Tima hakufika kwenye harusi. Alifika chuo kikuu, huko Kilifi, akiwa na Zainab, rafiki yake tangu chuo cha Kurani kwa maalim, walikosomea juzuu moja. Walikaa chumba kimoja. Tima akishikwa na maumivu, Zainab ndiye aliyempa maji na dawa na kumpigia mama simu. Na siku ile ya mwisho ndiye aliyepiga. Ilimkuta Bi Hindu yuko Faza, akimuuguza mamake mzazi. Alipanda boti alfajiri, akashuka Mokowe, akapanda basi, njia nzima akiomba wamngoje.

Kuzika walimngoja. Kuosha hawakumngoja. Alipofika alasiri aliikuta nyumba imejaa watu na mwanawe, aliyeletwa kutoka Kilifi, ameshaoshwa na kukafiniwa. Aliyemwosha alikuwa Maryamu, mke wa Muhdhar muuza vitambaa, ambaye mtaani huitwa Mamake Adnan. Huyo ndiye anayeosha maiti wa kike wa mtaa ule, na siku ile aliingia na bibi mmoja mzee tu, ambaye naye sasa ni marehemu. Bi Hindu aliomba afunguliwe sanda amwone mtoto wake mzima, amshike mwili aliouzaa na kuukanda miaka yote ile. Mamake Adnan alisimama mlangoni, akasema kazi imekwisha, uso unatosha. Uso akaonyeshwa. Kisha wanaume wakaja na jeneza.

Jambo hilo Bi Hindu hakulisamehe. Alikuwa akiuliza kila mtu: tangu lini mama hangojwi kumwosha mwanawe, ilhali kuzika kwenyewe kunamngoja yeye? Mamake Adnan mwenyewe hakujitetea hata kwa neno moja. Kwenye darsa alikaa karibu na mlango, na Bi Hindu akianza kuhutubia alikuwa akiinamisha macho kwenye mkeka. Bi Hindu aliamini ni aibu ya kile alichofanya. Walisalimiana kwa ajili ya dini, basi. Ikawa hivyo miaka minne.

Sasa mwaka huu ukaja mtihani. Adnan, mwana wa Maryamu, ambaye ni karani katika ofisi za kaunti huko Kilifi, akamposa Zainab. Mamake Zainab alipokuja kuomba binti asingwe, Bi Hindu alijiuliza. Kumpamba bi harusi wa nyumba ile? Lakini Zainab ndiye pekee aliyebaki akimwita mama, ndiye aliyekuja kila Idi na sahani ya halua. Alikubali, kwa sharti kwamba Mamake Adnan asitie mguu chumbani wakati wa kusinga.

Mamake Adnan naye akaleta ujumbe wake. Zamani upande wa mume ulikuwa na haki ya kumwendea somo baada ya singo kumuuliza kama mwari ni mzima, hana ila wala kasoro ya kujulisha. Watu wengi wameiacha mila hiyo, wengine wanaionea haya. Yeye alisema hajaiacha. Siku ya mwisho ya singo atakuja mwenyewe kuuliza, na atakaloambiwa na Bi Hindu ndilo atakalolifuata. Bi Hindu alipousikia ujumbe ule aliona ajabu kidogo, kwamba mtu mliyenuniana naye akuachie neno la mwisho. Kisha akafurahi. Alisema moyoni, leo Maryamu atasimama mlangoni mwangu akiniomba.

Siku ya kwanza, nyumbani kwa Bi Hindu, walianza na miguu na mikono. Zainab alikuwa ameishikilia kanga mpaka kwapani, akacheka na kujibu kila mzaha, lakini mkono wa Bi Hindu ulipopanda begani alijivuta. Akasema mgongo atajisugua mwenyewe. Bi Hindu alimwambia hajaona bado bi harusi mwenye mikono ya kufika mgongoni, labda kama ana mkia. Walicheka wote wawili, na mgongo ukabaki.

Siku ya pili Zainab alilala kifudifudi kwenye mkeka bila kuambiwa, kama mtu aliyekata shauri. Bi Hindu akachota singo, akaishusha kanga.

Chini ya bega la kushoto palikuwa na ua.

Lilikuwa jeusi, limetulia, lina majani saba, na jani moja limeinama pembeni. Bi Hindu aliliangalia asiamini. Cha kwanza kilichompanda kilikuwa hasira, tena hasira ya fundi: nani kaiba ua langu? Halikupita akilini hata kidogo kwamba lile lingeweza kuwa kitu kingine isipokuwa piko. Ua lile lilikuwa la piko tangu kuzaliwa kwake. Alidhani kuna mpambaji wa siku hizi, mmoja wa hawa wanaojifunza kwenye simu, aliyeingia kwake akachungulia kabatini, akampaka mtoto wa watu wiki ya singo bila adabu.

"Nani kakuchora hili?" aliuliza.

Zainab alizidi kuuficha uso kwenye mkeka. Bi Hindu akasema vema, atajua, lakini kwanza linatoka. Akapaka singo nene juu ya ua akasugua. Ua likabaki. Akaongeza marashi, akasugua kwa kiganja, kisha kwa kisigino cha mkono. Akaenda jikoni akachukua ndimu, akaikamua, akasugua tena kwa nguvu kama anayesugua masizi ya sufuria. Ngozi ilikuwa nyekundu pande zote. Ua lilizidi kung'aa.

"Halitoki, mama," Zainab akasema, uso bado kwenye mkeka. "Utanichuna ngozi. Halitoki."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Bi Hindu aliinua mikono, akakaa chini pale pale. Alikuwa na umri wa kuona mengi na kazi ya kuona zaidi, lakini hili hakulitegemea. Zainab huyu? Zainab wa juzuu, aliyekuwa akimwita mwenzake sala ikiingia? Aliyemjia akilini alikuwa yule binti wa Mambrui na nyota yake, na akajua kwamba alichokishika mkononi sasa ni ndoa ya mtu.

"Nani kalitoa kabatini mwangu?" akauliza tena.

Zainab aliinuka, akajifunga kanga, akamgeukia. Akasema, "Tima."

Mengine aliyasema polepole, akikatizwa na machozi, na Bi Hindu aliyasikiliza bila kuingiza neno, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Ilikuwa mwaka wao wa pili huko Kilifi. Tima alikuwa ametoka wodini baada ya kushikwa vibaya kuliko siku zote, akawa anakaa kitandani akitazama simu. Ndani ya simu kulikuwa na picha ya ile karatasi ya kabatini. Alimwambia Zainab kwamba mama anangoja siku ambayo yeye, Tima, anajua haiji. Hakuna aliyemposa, na mwili ulikuwa unamwambia habari zake. Nyuma ya kinyozi mmoja karibu na stendi kulikuwa na kijana aliyeitwa Ochola, aliyekuwa akichora tatuu. Tima alitaka kwenda.

Zainab alimkataza. Alimkumbusha dini, akamkumbusha ugonjwa. Maneno aliyojibiwa alikuwa hajayasahau, akamrudishia mama kama yalivyokuwa: "Najua ni makosa, Zai. Nitamwomba Mola msamaha kila sala, naye ni mwenye kusamehe. Lakini piko lataka bi harusi, na mimi sitakuwa. Nataka niende na ua la mama." Wakaenda. Zainab ndiye aliyekaa kwanza kwenye kiti, apime maumivu kabla ya mwenzake, na kama ni dhambi, wagawane.

Bi Hindu aliuliza kitu kimoja. Aliuliza kama lile ua ndilo lililomuua.

Zainab akasema la. Lilipona vizuri, na Tima aliishi nalo mwaka mzima na zaidi. Alilala chali kila alipokuja nyumbani. Mama alipotaka kumkanda mgongo alikuwa akisema Zainab ameshamkanda. Na kweli Bi Hindu alikumbuka, tena alikumbuka jinsi alivyoumia, akidhani mtoto amekua na hataki tena mikono yake. Mwaka mzima alikuwa akikanda miguu tu.

Kisha Zainab akasema jambo ambalo pengine hakukusudia. Alisema kilichomliza Tima si sindano. Ni ile Alhamisi ya likizo walipokwenda darsa pamoja, Bi Hindu akasimama akasema kwamba mchorwaji hata maji ya kuoshwa hayamwingii. Tima alikuwa amekaa nyuma yake, magoti yake yanagusa mgongo wa mama. Usiku alimuuliza Zainab kama ni kweli.

Jamani, kuna maneno mtu akiyasikia anatamani angekuwa amezaliwa bubu. Bi Hindu alifumba macho. Alijiona amesimama katikati ya mkeka na kidole juu, mtandio umemteremka kwa raha ya kusema, na nyuma yake mtoto wake mwenye siku za kuhesabika anamsikiliza. Alikuwa akimlaani nani? Si Wataliano, hao hawakujua hata kama yupo. Aliyelaaniwa alikuwa mmoja, yule yule ambaye mama mwenyewe alikuwa akimfulia nguo na kumwombea uzima. Na baada ya kumzika aliendelea, Alhamisi baada ya Alhamisi, miaka minne, juu ya kaburi lake.

Hapo ndipo lilipomjia la pili, na hili lilimvunja kabisa. Tima alioshwa. Anayeosha maiti humgeuza ubavu kwa ubavu, na mgongo huuona. Mamake Adnan aliuona. Ndiyo sababu aliingia na bibi mzee asiyeona vizuri badala ya wanawake watano kama kawaida. Ndiyo sababu hakumngoja mama, maana mama yule alikuwa ameshaiambia Malindi yote mtu mwenye tatuu ni nani. Alimfungia mlango ili mtoto azikwe na heshima yake na mama abaki na mtoto wake. Akakubali kununiwa. Akaenda darsa kila Alhamisi akasikiliza laana ile akijua inamwangukia nani, na kukifungua kinywa chake mara moja tu kungetosha kumnyamazisha Bi Hindu milele. Hakukifungua.

Singo ilikuwa imemkaukia Bi Hindu mikononi, inapasuka. Zainab akamuuliza kwa sauti ndogo kama atawaambia upande wa mume. Alisema Adnan anajua, alimweleza mwenyewe kabla ya posa, naye akamwambia hilo ni baina yako na Mola wako. Lakini mamake hajui, na mamake akisema hapana, Adnan si mtu wa kumpinga mamake. Bi Hindu alimwambia alale, akachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, akamfuta ndimu mgongoni taratibu. Alipofika kwenye ua alikiacha kidole juu yake kwa muda. Lilikuwa limechorwa vizuri, yule kijana ana mkono. Jani lilikuwa limeinama upande wake hasa. Alitamani kujua kama na lile jingine lilikwenda kaburini likiwa hivyo, na wa kumwambia alikuwa mtu mmoja tu duniani.

Msidhani kwamba alilala amepata jibu. Yeye ni mtu wa dini na hakuwa tayari kusema haramu imekuwa halali kwa sababu imemfika mwanawe. Hadithi ilikuwa pale pale. Aliisoma moyoni akafika mahali ambapo kwa kawaida huongeza la kwake, akasimama. Aligundua kwamba ile nyongeza ndiyo aliyokuwa akiipenda kuliko hadithi yenyewe. Na kulikuwa na hadithi nyingine aliyoijua tangu utotoni na ambayo hajawahi kuisimamia kwenye mkeka hata siku moja, kwamba amsitiriye mwenzake, Mungu atamsitiri yeye. Alilia sana. Alimwombea Tima dua, kisha akaomba na yake, na hakujua ipi ina haja zaidi.

Mamake Adnan alikuja asubuhi ya siku ya tatu, ndiyo ya mwisho, jua halijawa kali. Alipiga hodi, akaingia na buibui lake la kila siku, mwanamke mrefu mkavu asiye na maneno. Walipeana salamu kwa kirefu kama inavyotakiwa, nyumbani hawajambo, Muhdhar hajambo na kifua chake. Kahawa aliikataa. Zainab alikuwa chumba cha ndani nyuma ya pazia, na wote wawili walijua anasikia.

"Mwari wetu umemwona?" Mamake Adnan akauliza.

"Nimemwona."

"Mzima? Ana la kuambiwa mimi?"

Ulimi hauna mfupa, na wa Bi Hindu ulikuwa umezoea kazi yake. Aliusikia ukitaka kusema. Angeweza kusema yote, la Zainab na la Tima, angeweza hata kumgombeza mwanamke yule kwa kumficha mama jambo la mtoto wake. Alimtazama. Mamake Adnan alikuwa ameinamisha macho kwenye mkeka, vile vile anavyokaa kwenye darsa, na mikono yake, ile iliyomgeuza Tima mara ya mwisho, ilikuwa imeshikana mapajani mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Mtu huyu alikuwa anaogopa. Bi Hindu hakuwa na uhakika ni nini anachokiogopa, kama ni ila ya mkwe au ni kinywa cha somo.

"Hana," akasema. "Sikuona kitu."

Mamake Adnan alivuta pumzi ndefu. Alisema alhamdulillahi, akakusanya buibui lake, akainuka aende. Alikuwa ameshafika mlangoni Bi Hindu alipomwita kwa jina lake, jambo ambalo hakulifanya tangu siku ya mazishi.

"Maryamu. Siku ile uliponifungia mlango. Kwa Tima wangu uliona nini?"

Mwanamke yule alisimama. Aligeuka taratibu, akamtazama Bi Hindu usoni kwa muda mrefu, akayaona macho yaliyovimba, akatazama pazia la chumba cha ndani, akarudi tena usoni. Bi Hindu alijua kwamba ameelewa. Alikuwa akimwomba kwa macho. Alitaka kuambiwa tu, sasa kwa kuwa hakuna tena cha kuficha, kwamba lilikuwepo siku ile, kama weusi wake ulikuwa haujapauka, kama lilimpendeza mtoto wake. Hakuna kitu alichowahi kukitaka namna ile.

"Sikuona kitu, mamake Tima," Mamake Adnan akasema.

Bi Hindu alijua kwamba hatapata kwake neno jingine mpaka wote wawili wafe, na kwamba ndivyo inavyopasa. Alimshika mkono pale mlangoni, akaushikilia, akalia.